Mwongeli na Watoto Waliozidi

Kama hukutusoma juma lililopita, usijali. Shida za Mwongeli hazina haraka, zilikungoja.

Tulimwacha Mwongeli wa Emali akiwa na chumba kimoja, msaidizi mmoja aitwaye Ummi, watoto thelathini wa kina mama wa sokoni, na simu mbili zilizoingia asubuhi moja.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Bwana Nyamai wa ofisi ya leseni. Anakuja Jumanne asubuhi kukagua. Chumba cha ukubwa ule, sheria inakiruhusu watoto kumi na wawili tu, na akikuta hata mmoja wa ziada anafunga kituo.

Simu ya pili ilikuwa ya Yvonne wa mradi wa Pakata Mtoto, wale wanaowalipia watoto wa sokoni. Naye anakuja Jumanne mchana kuhakikisha. Bili ya Mwongeli inasema watoto thelathini, basi awaone thelathini kwa macho yake. Asipowaona, Mwongeli anaandikwa mwizi na mradi unahama.

Mmoja anataka wachache, mwingine anataka wengi, na wote wawili wanataka Jumanne.

Utauliza mbona mama huyu asiongeze chumba. Naye aliuliza. Ofisi ya leseni ilimwambia ajenge kwanza ndipo aombe. Mradi ulimwambia alete leseni kwanza ndipo ajengewe. Alizunguka kati ya milango hiyo miwili mpaka mabawabu wakamzoea, wakawa wanamwita kwa jina la bintiye, Mama Mbithe, kama jirani.

Na utauliza mbona asifunge tu arudi sokoni kuuza nyanya kama zamani. Hapo ndugu msomaji hujamjua Mwongeli. Kabla ya kituo, watoto wa sokoni walikuwa wakishinda chini ya meza za mama zao, hatua chache tu kutoka barabara ya Mombasa. Siku moja Syombua, binti wa Kalondu muuza ndengu, alitambaa hadi kwenye lami. Lori lilifunga breki mpaka matairi yakatoa moshi. Mtoto alipona, lakini Mwongeli hakulala. Kesho yake aliuza meza yake na kukodi chumba. Kituo kikifungwa watoto watarudi palepale, na si madereva wote wenye breki kama za yule.

Kwa hiyo alikwenda kwa mwethya.

Nani asiyeujua mwethya huku kwetu? Kina mama wanakutana, leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho wanabeba mawe ya bwawa la mchanga kwa yule. Mwenyekiti wao, Mama Ndolo, ni mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti. Alimsikiliza Mwongeli mpaka mwisho, akacheka.

"Hiyo ni kazi ndogo. Huyu wa leseni akija asubuhi, tunaondoa watoto. Huyu wa kuhesabu akija mchana, tunarudisha. Mawe ya mto tulibeba, sasa watoto watatushinda?"

"Mama Ndolo, watoto hawakai mahali umewaweka."

"Hata mawe hayakai. Uliza mto."

"Na mtajuaje huyo wa mchana amefika?"

"Wewe tuambie gari yake."

"Ni nyeupe. Iko na picha ya mama amepakata mtoto."

"Basi tukiona hiyo gari tunakuja. Na mwenye atachelewa analipa kuku."

Kina mama wakaitikia. Mwongeli alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akalala kama mtu mwenye leseni. Kupanda mchongoma si kazi, ndugu yangu, kushuka ndio ngoma.

Jumanne asubuhi mwethya ulifika kabla ya jua kuchoma. Waliopata watoto waliwabeba mgongoni au wakawashika mikono, wakawapeleka kwenye kanisa la Mchungaji Munyao nyuma ya soko. Mbithe, binti wa Mwongeli mwenyewe, alikwenda mgongoni kwa Mama Ndolo. Chumbani wakabaki watoto kumi na wawili wamekaa kwenye mkeka, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa, kama wa kwenye kalenda.

Bwana Nyamai akaingia na futi yake ya kupimia.

Alipima mlango. Alipima dirisha. Alipima umbali wa jiko hadi mkeka, akapima tena kwa sababu mara ya kwanza ilimfurahisha Mwongeli. Kisha akamgeukia Ummi, ambaye ni mmoja wa wale watu wa pwani waliohamia Emali zamani na hajapata kumwogopa mtu anayeandika.

"Wewe mama, uko na cheti ya kulea watoto?"

"Nimelea wangu sita, mwanangu, na wajukuu sijawahesabu."

"Cheti, mama."

"Hicho cheti kina umri gani? Kisije kikawa nacho nimekilea mimi."

Mwongeli alimkanyaga mguu. Nyamai aliandika kitu, kisha macho yake yakapanda ukutani, kwenye misumari ya vikombe.

"Mbona vikombe ni mingi hivi?"

Mwongeli naye akaviona kwa mara ya kwanza siku ile. Alikuwa amewaficha watoto, akasahau kwamba mtoto ana kikombe, kijiko, kandambili na poti.

"Kuna vya uji, kuna vya maji," Ummi alidakia, "na kuna vya kugombania."

Nyamai, ambaye ana watoto nyumbani, alikubali kwamba hilo ni kweli. Akahesabu vichwa kwa kidole, mara mbili.

"Kumi na wawili. Hapa mama umejaribu. Vituo vingi nikifika napata watoto wamejazwa kama magunia ya ndengu."

"Hiyo ni mbaya sana, afisa," Mwongeli alisema, naye uso mkavu.

Akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akatoa karatasi ya leseni. Akaandika jina la kituo. Akaandika kumi na mbili. Akatoa mhuri mfukoni, akaupulizia pumzi kama watu wa ofisi wanavyofanya. Mwongeli aliutazama ule mhuri jinsi mwenye njaa anavyotazama sufuria.

Nje, gari likapiga honi.

Lilikuwa jeupe. Lilikuwa na picha ya mama aliyempakata mtoto. Na ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

"Niliamkia Matiliku, nikapata kituo ya huko imefungwa," Yvonne alisema akishuka, tableti kwapani, viatu vyeupe ambavyo vumbi la Emali lilikuwa limeshaanza kuvila. "Nikasema wacha nianze na nyinyi. Watoto wako wapi?"

Ummi alimzuia mlangoni kwa tabasamu na mikono miwili.

"Karibu mwanangu. Chai kwanza, umetoka mbali."

"Asante mum, lakini niko na vituo viwili bado." Akapenya chini ya mkono wa Ummi, akaingia. Akatazama mkeka. "Mama Mbithe, hawa ni wachache. Bili yako inasema thelathini."

Kule kwenye kiti cha mtoto, mhuri ulisimama hewani.

"Inasema nini?" Nyamai aliuliza.

Mwongeli alifungua mdomo. Hajui hadi leo alikuwa anataka kusema nini, kwa maana hakupata nafasi ya kusema. Wimbo ulisikika kutoka upande wa soko. Ulikuwa wimbo wa mwethya, ule wa kubebea mawe, na ulikuwa unakuja kwa kasi ya watu wasiotaka kulipa kuku.

Mwethya ulikuwa umeliona gari.

Sasa msomaji, kuna jambo moja la mwethya ambalo Mwongeli alipaswa kulikumbuka, maana amezaliwa ndani yake. Mtu hauendei mwethya mikono mitupu. Asiye na jembe analeta karai, asiye na karai analeta mtungi wa maji. Kuja unapunga mikono ni aibu ya mwaka mzima. Na asubuhi ile watoto wa kubeba hawakuwatosha kina mama wote. Waliokosa walifanya nini? Walikwenda nyumbani wakaleta wa kwao.

Waliingia kwa mstari wakiimba. Mama Ndolo mbele, Mbithe mgongoni, mjukuu wake Mulei mkononi. Nyuma yake wakaja wale watoto kumi na wanane wa haki. Nyuma yao wakaja wengine ambao Mwongeli hakuwa amewaona tangu azaliwe. Kulikuwa na mapacha wenye sare ya shule. Kulikuwa na msichana wa darasa la sita aliyeambiwa atembee kwa magoti aonekane mdogo, naye alitii tangu kanisani, soksi zikawa na rangi ya udongo.

"Tumefika!" Mama Ndolo alitangaza. "Madam, hesabu. Na wakipungua sema, tuko na wengine njiani."

Yvonne alihesabu, kidole kikidonoa tableti. Alifika thelathini akatabasamu. Alifika arobaini akaacha kutabasamu.

"Mbona tena wamezidi?"

Nyamai alikuwa ameshaurudisha mhuri mfukoni.

"Wewe msichana," alisema, "ni nani alikutuma kulipa watoto kwa kituo haina leseni?"

"Na wewe baba ni nani alikutuma kuandika kumi na mbili na mimi naona arobaini?"

"Mimi ni sheria."

"Na mimi ni sistemu."

Walisemezana pale katikati ya mkeka, watoto wakiwatazama kwa furaha, maana si kila siku unapata watu wazima wanaogombana bila kupigana. Mwongeli akaanza kuomba kimoyomoyo waendelee hadi jioni. Lakini maafisa hawagombani muda mrefu, hasa wakiwa na mtu wa tatu wa kulaumu. Kidogo kidogo sauti zikashuka, wakainamia tableti pamoja, kisha wakageuka wote wawili na kumtazama yeye.

"Nimeangalia," Yvonne alisema, na kwa kweli alionekana kuona haya. "Leseni ikishaandikwa, sistemu inakubali tu namba iko hapo. Leseni ikisema kumi na mbili, tunalipia kumi na mbili."

"Na leseni itasema kumi na mbili," Nyamai akasema. "Sasa mama, chagua. Majina kumi na mbili, hapa, saa hii. Hao wengine watoke na wasirudi. Ukikataa, kufuli iko kwa gari."

"Watoke waende wapi, afisa?"

"Nyumbani."

"Hakuna mtu nyumbani. Hawa mama zao kila siku wanashinda soko hadi jioni. Wataenda chini ya meza, kando ya barabara."

"Hiyo si kazi ya ofisi yangu. Chini ya meza hakuhitaji leseni."

Alilisema bila ubaya, jinsi mtu anavyokuambia choo kiko upande gani. Mwongeli alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni, akaimeza. Alipewa karatasi na kalamu.

Mama Ndolo akasogea mbele.

"Mwethya hauchagui," alisema. "Tangu lini tukachagua? Ukichimba kwa mmoja, umechimba kwa wote."

"Najua, Mama Ndolo."

"Sawa." Akapumua. "Lakini kama ni lazima uchague, huyu Mulei wangu ni mwembamba. Hachukui nafasi."

Hapo ndipo bwawa lilipobomoka. Wangu hali sana. Wangu halii. Huyo wa Mama Musa ako na choa, ataambukiza wengine. Choa ni yako, wangu ni mbu. Wako alimuuma wangu shavu wiki jana na nikanyamaza kwa sababu ya mwethya! Kina mama waliobeba mawe ya bwawa zima bila kutupiana neno, sasa walikuwa wanachambua watoto wa wenzao kama maharagwe. Msichana wa darasa la sita alibaki amepiga magoti, hakuna aliyekumbuka kumwambia asimame.

Mwongeli hakusikiliza yeyote. Alifumba macho akauona mstari wa meza za soko, akaanza na zile zilizo karibu na lami. Huyu, mama yake yuko kando ya kituo cha malori. Huyu, mama yake anauza machungwa pale magari yanapogeuzia. Aliandika jina moja baada ya jingine. Mulei hakumwandika. Nyumba ya Mama Ndolo iko nyuma ya kanisa, mbali na barabara, na nyanya mtu yupo. Mama Ndolo aliliona hilo, akaacha kusema. Kunyamaza kwa Mama Ndolo kulimtisha Mwongeli kuliko kufuli.

Jina la kumi na mbili lilikuwa la Syombua.

Kalondu, aliyekuwa amesimama nyuma muda wote bila kumsema mtoto wa mtu, aliketi chini palepale, akajifuta uso kwa ncha ya leso.

Nyamai alichukua karatasi. Alihesabu majina, akahesabu vichwa vilivyoitwa. Kisha akaangalia chini.

"Na huyu ameshika sketi yako?"

"Huyu ni wangu. Mbithe."

"Ako na miaka ngapi?"

"Tatu."

"Anahesabiwa."

"Afisa, huyu nimezaa mimi. Hakuna mtu namlipisha."

"Sheria inasema watoto wako ndani ya chumba. Haijasema ni wa nani. Hapo wako kumi na tatu." Akamrudishia kalamu. "Kata jina moja."

Mwongeli alitazama yale majina aliyoyaandika mwenyewe, na kila moja lilikuwa na meza yake na lori lake.

Kalondu aliinuka. Hakusubiri kuitwa. Alimchukua Syombua kwenye mkeka, akaanza kuikunjua leso.

"Wacha wa kwako akae, Mama Mbithe. Ni haki yake. Mimi nitamfunga tu na leso kwa mguu ya meza, kama zamani. Ameshazoea."

Alisema bila kinyongo chochote, na hapo ndipo palipomuuma Mwongeli. Angetukanwa angeweza kujibu. Yvonne alikuwa anaikodolea tableti macho, na tableti ilikuwa imeshazimika.

"Mrudishe huyo mtoto kwa mkeka, Kalondu," Mwongeli alisema.

"Lakini..."

"Mrudishe." Kisha akamgeukia Nyamai. "Afisa, nikuulize. Hawa wamezidi ni wa nani?"

"Wa nani vipi?"

"Wewe ndiye umesema wamezidi. Mimi kwangu walikuwa wanatosha."

"Mama, usinichezee."

"Sikuchezei. Hao kumi na wawili wako kwa karatasi, hao ni wangu. Huyu hayuko kwa karatasi. Huyu ni wako."

Alimwinua Mbithe. Akatoka naye nje hadi kwenye gari la ofisi ya leseni, akaufungua mlango wa nyuma, akamkalisha kwenye kiti, akamnyoosha gauni.

"Keti vizuri, mwaitu. Usiguse kitu ya wenyewe."

Mbithe ana jina la nyanya yake, mama mzazi wa Mwongeli, ndiyo maana anamwita mwaitu, yaani mama. Siku ile neno hilo lilimtoka kwa shida.

Kisha Mama Ndolo, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu Mulei aachwe, alimshika mjukuu wake mkono, akamvuta hadi garini.

"Sogea kidogo, Mbithe. Huyu ni mwembamba, hachukui nafasi."

Baada ya Mama Ndolo nani angebaki? Aliyefuata alikuja, na aliyefuata. Mama wa choa alimbeba mtoto wa mama wa kuuma, na mama wa kuuma akamshikia mlango. Sehemu ya nyuma ya mizigo ilijaa mapacha wenye sare. Mtu akaanzisha wimbo. Msichana wa darasa la sita alifika kwa magoti, akauliza kama sasa anaweza kusimama.

"Mama!" Nyamai alikuwa anakimbia upande huu na ule wa gari kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. "Hii ni gari ya ofisi! Inabeba watu watano!"

"Kumbe na gari iko na namba yake," Mama Ndolo alisema. "Pole. Utaitafutia leseni."

"Tutakufuata kwa miguu," Mwongeli alisema. "Tufike ofisini, tupime chumba yako na hiyo futi, tuone inatosha wangapi."

Yvonne alikuwa amewasha tableti tena. "Samahani," alisema kwa sauti ndogo, "sasa hawa nawahesabu kituo gani?"



Nyamai aliacha kukimbia. Alijifuta jasho, akaja hadi kwenye mlango wa gari aliposimama Mwongeli, akainama karibu na sikio lake. Hakuwa na hasira tena. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya mtu anayekutakia mema.

"Mama Mbithe, nisikize. Toa huyu wako peke yake. Nitaandika kumi na tatu, nitapiga mhuri, na mimi sikuona kitu. Kesho unafungua kama kawaida, mtoto wako yuko ndani, mradi unakulipa. Hawa wengine watajipanga." Akatoa simu mfukoni, akaishika bila kuibonyeza. "Lakini ukifunga hii mlango na hawa watoto wakiwa ndani, wa kupigia ni polisi. Na wao hawatakuuliza habari ya chumba. Watakuuliza kwa nini umetupa mtoto wako."

Mkono wa Mwongeli ulikuwa juu ya mlango. Nyuma yake wimbo ulikuwa umekatika, kina mama wote wanamtazama, na hakuna aliyekuwa amesikia neno hata moja alilonong'onezwa. Angeweza kumtoa Mbithe sasa hivi na kusema mtoto anataka choo. Nani angejua?

Mbithe, ambaye hajawahi kupanda gari lenye viti laini, alikuwa amebanwa kati ya Mulei na yule mtoto wa kuuma. Alimpungia mama yake mkono.

Mwongeli naye akampungia, kisha akaufunga mlango.